Mgeni Asiyetikisa Finjani

Nyinyi walimu wapya mliochukua darasa langu mmeniomba niandike mawili matatu kuhusu kazi, kabla sijasahau na kabla macho hayajafunga kabisa. Daktari kasema ni mtoto wa jicho, na yuko machoni kote kuwili. Mwalimu asiyeuona ubao hana la kufanya darasani isipokuwa kuwazuia wenzake, basi nimekaa nyumbani. Sitawaeleza vyeo wala mishahara, kwa sababu cheo sikupata na mshahara haukuwahi kunichekesha. Nitawaeleza tulivyosomesha hapa Matrah kabla nyinyi hamjaja, na nitawaeleza khabari ya Raya binti Khalfan, ambaye sasa yumo darasani mwenu, safu ya nyuma, karibu na dirisha. Kama hamjamtambua, si makosa yenu. Siku hizi hana vishindo.

Nilianza kazi Unguja, katika skuli ya wasichana, mwembamba kama ufito na sauti yangu haifiki dawati la tatu. Aliyenishika mkono ni Bi Rukia, mzaliwa wa Makunduchi, mwalimu mkubwa wa skuli ile. Siku yangu ya kwanza alikaa nyuma akanisikiliza nikiwasomea watoto kitabu cha historia kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, nao wakipiga miayo kwa zamu. Kengele ilipolia akaniita pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "tarikhi haisomwi, huchezwa. Watie watoto ndani yake, wavae, wabebe, wapigane. Mtoto hasahau siku aliyokuwa mfalme." Wiki ile ile akaigeuza skuli kuwa ngome ya Mombasa. Madawati yakawa kuta, wasichana wakubwa wakawa Wareno wenye masharubu ya makaa, na mimi mwalimu mgeni nikapewa debe nilipige kuwa ndio mzinga. Mpaka leo sijui njia nyingine ya kusomesha historia.

Januari ya mwaka wa sitini na nne mnaijua, wengine kwa kusimuliwa na wengine kwa macho yenu, na sitaieleza hapa. Nitasema tu kwamba Bi Rukia ndiye aliyetuficha, mimi na mume wangu, kwa ndugu zake Makunduchi, na kwamba muda wote ule hakuna aliyetuuliza tutaondoka lini. Tulikula muhogo wao, tukalala vitandani mwao, wao wakalala chini. Tulipopata meli ya kutuleta Manga, huku Omani kwa mababu zetu, Bi Rukia alinitilia kwenye kikapu kitabu cha historia cha Kiingereza, mende wameshaanza kukila pembeni. Sikumwona tena, na barua zangu sijui kama zilimfika.

Baba zetu walikuwa wakituhadithia Manga kama peponi, joto hawakulitaja. Maskati ilikuwa mji wa kufungwa milango, na giza likiingia anayetembea lazima abebe taa uso wake uonekane. Mume wangu alipata ukarani bandarini, tukapanga vyumba viwili Matrah, nyuma ya soko. Unguja tulikuwa Wamanga, na hapa tukawa Wazinjibari. Nilimwambia mume wangu tungeteremka melini katikati ya bahari tungekuwa kwetu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kahawa. Jirani yetu, Bi Thuraya, mtu wa Matrah asilia, alinialika mara tu alipojua tumehamia. Akanipa tende, akanimiminia kahawa kidogo kwenye finjani, nikanywa nikamrejeshea. Akamimina tena. Kwetu kumkatalia mwenye nyumba ni utovu wa adabu, basi nikanywa. Akamimina tena. Moyo ukaanza kunienda mbio, na yeye uso umeanza kumbadilika, lakini mkono wake haukukoma. Mdila, birika lao la kahawa, ulipokauka akamwita binti yake alete mwengine. Yule binti ndiye aliyecheka akanionesha: ukitosheka, unaitikisa finjani kidogo kabla ya kuirejesha. Usipoitikisa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuacha kumimina, hata kama kahawa yenyewe ni ya mwisho ndani ya nyumba. Karibu kila Mzinjibari aliyefika siku zile aliingia mtego huo. Tulikuwa tukihadithiana na kucheka, maana mengine ya kucheka yalikuwa haba.

Skuli za wavulana zilikuwa chache mno, na ya wasichana haikuwapo. Mabinti waliokuwa wakisoma Unguja walikaa ndani wakipepea nzi. Mama zao wakaanza kuniletea mmoja mmoja, kwanza kwa Kurani, kisha wakauliza kama nnaweza kuwaongezea hesabu, kisha wakaacha kuuliza. Kufungua skuli bila ruhusa ni kujitafutia balaa, na ruhusa haikuwa ikitolewa, basi tukawaambia watu tunashona kofia. Haukuwa uongo. Kila msichana alikuwa na kofia ya viua mapajani na sindano mkononi. Ubao wangu ulikuwa mlango wa zamani niliopaka masizi. Mtu akigonga tunaulaza juu ya masanduku mawili, unakuwa meza ya kukatia kitambaa. Jambo moja nililijua hapo ambalo skuli kubwa hazikunifunza: mtoto anayeshona husikiliza vizuri kuliko mtoto aliyefungishwa mikono. Jaribuni, kama mkuu wenu wa skuli ana moyo wa subira.

Ramani niliichora kwa makaa kwenye ukuta wa chokaa. Nilianzia Unguja, na kwa mahaba nikaichora kubwa kuliko inavyostahiki, kwa hivyo dunia yote ikabidi inenepe kuifuata. Nilipofika Amerika ukuta umekwisha. Ikapindia kona, nyuma ya gunia la mchele, na kila tulipotaka kuisoma tulilisogeza gunia. Mume wangu akirudi kazini na kulikuta gunia katikati ya chumba huuliza, "Leo mmevuka bahari?"

Raya aliletwa mwaka wa sitini na tano, kitoto cha miaka kumi na miwili, kutoka Darsait. Walivuka kilima kwa miguu, babake mbele, yeye nyuma. Bwana Khalfan alikuwa na mashamba ya karafuu Pemba. Hapa alikuwa msimamizi wa ghala lisilo lake. Mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alimfikisha bintiye mlangoni, akakohoa ili nijue wamefika, akenda zake.

Nimesomesha wasichana wengi, na kwa sindano sijaona mbaya kuliko Raya. Kofia moja ilimchukua mwaka, kwa sababu kila aliposikia jambo aliweka sindano chini aulize. Aliuliza kwa nini bahari haimwagiki pale ukuta unapopinda. Aliuliza kama mwezi wa Pemba ndio huu huu au tumepewa mwengine. Aliuliza, mbele ya mama wa mwenzake Zahra aliyekuja kutusalimu, kwa nini wanaume ndio wanaosafiri na wanawake ndio wanaojua kufunga mizigo. Wenzake walimwita Kadhi. Mimi nilijifanya nnachoka naye, lakini nilikuwa nikipika huku nawaza masuali yake, na mara mbili tatu niliunguza wali.

Shangazi yake Raya alikuwa akikaa Bahrein, ambako skuli za wasichana zilikuwapo. Mimi na Bwana Khalfan tulikubaliana: nimuandae kwa hesabu, Kiingereza na Kiarabu cha kuandika, kisha apelekwe kwa shangazi akaingie skuli ya juu, na inshaallah baadaye awe daktari au mwalimu. Kupata ruhusa ya kusafiri kulikuwa na mlolongo wake, naye alishaanza kuzunguka kuitafuta. Asubuhi moja, badala ya kukohoa na kuondoka, alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. "Mwalimu," akasema, "mashamba yamekwenda. Huyu ndiye shamba langu lililobaki." Nataka mlikumbuke neno hilo mnaposoma yanayofuata, kwa sababu safari ya Bahrein ndiyo tuliyoipoteza.

Mwaka wa sitini na nane, baada ya Idi, tulifika sura ya Amerika. Kitabu cha Bi Rukia kilisema kwamba nahodha wa Kizungu aliivumbua, kikachora meli na msalaba. Wenyeji walipewa picha moja tu, wamesimama ufukweni bila nguo, vinywa wazi. Niliona haya kukisoma kama kilivyo. Basi nikaanzia jikoni.

Niliweka sinia katikati ya mkeka: mahindi, pilipili, nyanya, njugu, na kipande cha muhogo mkavu alichotuletea baharia mmoja wa kwetu. Nikawauliza vimetoka wapi. "Unguja!" wakajibu kwa pamoja. Nikalisogeza gunia la mchele. Nikawaambia vyote hivi asili yake ni kwa watu wa nyuma ya gunia. Wao ndio waliouona muhogo una sumu wakajua namna ya kuukamua mpaka ukalika, wao ndio waliolilea hindi kutoka jani la mwituni, na walikuwa na miji, mahakimu na sikukuu zao kabla Mzungu yeyote hajawapigia hodi. Zahra, binti mpole aliyekaa siku zote karibu na mlango, akaguna. "Hata muhogo, Mwalimu? Hata muhogo si wetu?" Alitaka kulia.

Nikawaeleza mji wa Waazteki uliojengwa ndani ya ziwa, wenye njia za kuingilia zilizopita juu ya maji, na soko ambalo hata askari wa Kizungu waliokwenda kuuteka walikiri kwamba makwao hawajaona mfano wake. Nikawaeleza Wainka, milimani huko, walioweka hesabu za dola nzima kwa kupiga mafundo kwenye nyuzi. Wasichana waliokuwa na nyuzi mikononi wakazitazama. Raya akauliza fundo la sifuri linafungwaje, na mimi sikujua, nikasema sijui. Waambieni watoto hamjui pale mnapokuwa hamjui, hawafi.

Kisha nikafanya alivyonifunza Bi Rukia. Nikatandika mkeka mwengine, nikaleta mdila na finjani. Zahra nikamfanya mwenyeji wa visiwani, Mtaino, wale waliofikiwa mwanzo kabisa. Raya, kwa kuwa haoni haya, nikamfanya nahodha wa Kizungu. Nikamnong'oneza jambo moja tu, kwamba asitikise.

"Karibu mgeni, umechoka na bahari," Zahra akasema kwa adabu zake, akamimina. Raya akanywa, akarejesha finjani imetulia mkononi kama jiwe. Wenziwe wakacheka, maana wote walishawahi kuchezwa na kahawa hiyo. Zahra akamimina tena. Raya akanywa, akakaza sauti ikawa nene: "Na hiyo dhahabu ya sikioni mwako, mwenyeji, umeitoa wapi?" Zahra akashika kipuli chake. Akamimina. Kicheko kikapungua. Zahra akanitazama mimi, macho yanauliza nifanye nini, nikamwambia, "Wewe ni mwenyeji. Hajatikisa." Akamimina mpaka mdila ukatoa matope. Hapo Raya, bila ya kuambiwa na mtu, akanyoosha mkono akauchukua mdila wenyewe, akajisogeza kwenye mkeka mpaka akamsukuma Zahra nje, sakafuni. "Sasa nenda kachemshe nyingine," akasema. Zahra akalia kweli.

Nilimfuta machozi Zahra, nikawamalizia yaliyobaki. Nikawaambia namna mfalme wa ule mji wa ziwani alivyowapokea Wazungu akawapa nyumba ya marehemu babake walale, na wao wakamfunga yeye humo humo kwenye mji wake. Nikawaambia ndui iliyoshuka na meli na kuwamaliza watu vijiji kwa vijiji, na Wataino waliolazimishwa kuchimba dhahabu mpaka wakaisha. Nikawaambia kwamba wenyeji walipopungua, Wazungu walipakia watu wa Afrika melini wakawafanya watumwa wa kulima mashamba ya miwa. Hapo Raya akaweka finjani chini.

"Mwalimu, Wareno walikuwa namna moja na hao?"

"Namna moja, zama moja."

"Na sisi tukawatoa. Hapa Maskati, na kule Mombasa."

"Tuliwatoa. Watu wa pwani walituma ujumbe kutuomba tukawasaidie."

"Tukenda wageni."

"Wageni walioalikwa."

Wengine walikuwa wamesharejea kwenye kofia zao. "Na mashamba yetu ya karafuu, Mwalimu, yalilimwa na nani? Sisi tulitikisa?"

Majibu ya kupitia mlango wa uani nilikuwa nayo mengi. Ningeweza kusema utaelewa ukikua, au ningeweza kugeuza ubao. Lakini nilikumbuka vitanda vya Makunduchi, na yule mtoto alikuwa ameweka sindano chini ananisubiri. Nikasema, "Hatukutikisa, mwanangu." Na nikaongeza, kwa kuwa ni kweli vilevile, kwamba hakuna finjani inayolipwa kwa roho za watu, na waliouawa Januari waliuawa kwa dhulma. Maneno haya ya pili hayakufika Darsait. Mtoto hubeba nyumbani lile neno fupi.

Asubuhi iliyofuata Bwana Khalfan alikuja peke yake. Hakukohoa. Alikaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango.

"Mwalimu," akaanza, "jana tuko kwenye sinia ya wali, mimi, mama yangu na watoto. Raya kaniuliza shamba letu la Pemba lilikuwa likipaliliwa na nani. Nikamwambia vibarua, na kabla yao watumwa, Mungu atusamehe. Akasema, 'Basi Baba, hatukutikisa finjani.' Mbele ya mama yangu. Nikamuuliza nani kakwambia. Kasema wewe."

"Nimesema, Bwana Khalfan."

"Kaka'ngu Salim nimemuosha kwa mikono hii. Hakuwa na shamba, alikuwa na kiduka cha mafuta ya taa. Watoto wake walikuwa wakimpokea mlangoni kumpekua mifuko. Yeye alikunywa finjani ya nani?"

"Hakunywa ya mtu. Aliuawa kwa dhulma, na hilo pia nimewaambia."

"Mimi nililosikia ni moja."

"Basi nakuomba usikie na la pili. Mimi nimefichwa na mtu wa Makunduchi. Nimelala kitanda chake na yeye kalala chini. Nikimwambia mtoto kwamba hatukuwa na kosa lolote, namwambia nini kuhusu mtu yule?"

Nikasikia fimbo yake inachora sakafuni. "Sibishani na wewe, Mwalimu. Umesoma. Pengine ni kweli yote. Lakini mama yangu mpaka leo hajaondoka kwenye matanga ya mwanawe. Nilikuwa na kitu kimoja cha kumpooza moyo, kwamba sisi tumedhulumiwa, hatukudhulumu. Jana mwanangu kakichukua, wali bado moto."

"Na Bahrein?" nikauliza. Nilijua haifai kuuliza, lakini nikauliza.

"Bahrein kuna masuali mengine, na mimi haya tu yamenishinda. Kuna jamaa yetu, mtu wa mji wa Barka, kamposa. Nitamuoza."

"Ana miaka kumi na mitano, Bwana Khalfan."

"Mama yangu aliolewa na kumi na mitatu." Akasimama. "Hatujakosana, Mwalimu. Utuombee dua."

Sikupewa nafasi ya kuagana na Raya. Zahra ndiye aliyeniletea khabari kwamba Raya kapelekwa Barka, na kwamba siku ya harusi alikuwa kimya, watu wakamsifu kuwa ana haya. Nilimtumia salamu kwa kila aliyekwenda upande huo, na kila aliyerudi aliniletea salamu, hakuna jengine. Nguo mbili za safari alizoshona mama yake kwa ajili ya Bahrein zilikwenda Barka.

Niliendelea kusomesha. Mtauliza kama ningelirudishwa siku ile ningejibu vingine, maana mmoja wenu alishaniuliza. Sijutii jibu. Nimelipima mara nyingi na kila mara naliona ni la kweli. Ninachojuta, na najuta mpaka nikiwa kwenye sala, ni kwamba aliyelilipia si mimi. Mimi ndiye niliyesema, na asubuhi yake nilikuwa pale pale, na ubao wangu na gunia langu, watoto wanakuja. Aliyetolewa ni aliyeuliza. Hili ni jambo la kazi yetu ambalo hamtalikuta katika mafunzo yenu.

Mwaka huu wa sabini, katikati ya joto, mambo ya nchi yakageuka kama mnavyojua, akaja sultani mpya. Watu walicheza ngoma mitaani, milango ya mji ikaachwa wazi, na kabla hatujazoea tukasikia wasichana nao watafunguliwa skuli. Nikaitwa. Nilipewa chumba chenye madirisha na ramani ya dukani, na kwa mara ya kwanza Amerika yangu haikuwa nyuma ya kitu. Sikuthubutu kumwambia mtu kwamba upande wa pili wa chumba nilikuwa nauona ukungu mtupu.

Katika wiki za mwanzo Bwana Khalfan akaja, na bakora mkononi, amezeeka kupita miaka iliyopita. Nyuma yake mwanamke kijana ndani ya buibui. Alikuwa Raya, mumewe wa Barka keshamuacha, hawakujaaliwa mtoto.

"Nimekurejeshea," babake akasema. Kisha akanivuta kando, mbali naye. "Mama yangu katangulia mbele ya haki. Nyumba imekuwa kimya, Mwalimu. Nilidhani kimya ndicho nnachokitaka. Huyu anapika, anafua, anaitika labeka Baba, na haniulizi kitu. Hata saa haniulizi. Mrejeshe alivyokuwa. Akiniuliza la Pemba nitamjibu. Nimekaa peke yangu nimelipata jibu lake."

Nilimkalisha mbele. Baada ya siku chache akahamia nyuma mwenyewe, kwa adabu, amempisha mtoto mdogo. Anaandika kila ninachosema, kwa mwandiko mzuri, na nadhani hata nikikohoa anaandika. Akiulizwa anajibu sawasawa. Nilijaribu njia zote nilizozijua. Nilikosea hesabu ubaoni kwa makusudi. Wadogo wakapiga kelele, yeye akaandika jibu lililo sahihi daftarini na kunyamaza. Mwisho nikaifundisha Amerika mapema, nje ya mpangilio, na mkaguzi akanikaripia. Nikaipeleka mpaka pale pale, kwenye meli za watumwa, nikasubiri. Watoto wakauliza mambo mengi, kama kule kuna ngamia, kama Wainka walikuwa wanakunywa chai. Nikatazama kule nyuma kwenye ukungu wangu. Hakuna mkono.

Wengine walipotoka nikamwita. "Raya, huna suali?"

"Sina, Mwalimu. Nimefahamu yote."

"Zamani ulikuwa nayo mengi."

Akafunga daftari lake taratibu. "Zamani sikuwa najua yanafika wapi."

Nilitaka kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, na nikamwambia. Akasema ahsante, Mwalimu, kwa sauti ile ile anayosemea labeka, akaondoka.

Babake anamngojea nje kila adhuhuri, kwenye ukuta mfupi ulio upande wa kivuli. Kila siku nilipotoka aliinuka, akaegemea bakora, akaniuliza, "Kauliza?" Nami nikajibu, "Bado." Anatikisa kichwa, anatangulia njia ya Darsait, na Raya nyuma yake. Siku yangu ya mwisho nilipita karibu mno nikamkanyaga mguu kwa sababu sikumwona, na hata hivyo, badala ya kulalamika, aliuliza lile lile. Nikamwambia, "Bado, Bwana Khalfan. Lakini wanakuja walimu wengine."

Hao ndio nyinyi. Mtihani wa mwisho wa muhula msijali, Raya ataupita, hilo halina mashaka. Ila akinyoosha mkono siku moja, hata kama anauliza maji yako wapi, mmoja wenu atoke nje amwambie babake. Hatawasumbua. Kila adhuhuri atakuulizeni lile lile neno moja tu.